UZI: "Daktari, moyo unaniuma" huku mkono uko tumboni. Viungo vya ndani viko wapi hasa?

#1 Mtoto wa Machinjio

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kaingia mama wa makamo chumbani kwangu pale zahanati. Kakaa, kashusha pumzi, kasema: "Daktari, moyo unaniuma." Nikamwambia anionyeshe. Akaweka kiganja kizima juu ya kitovu, pale mbavu zinapoachana. Sikumcheka, maana Kiswahili chenyewe ndicho kilichompeleka hapo. Wazee wetu pale pakiitwa chembe ya moyo. Chini ya kiganja chake ulikuwepo mfuko wa chakula, na shida yake ilikuwa kiungulia cha siku nyingi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wagonjwa wangu kama mchezo: figo ziko wapi? Tisa kati ya kumi wanashika kiuno karibu na makalio. Bandama je? Mzee mmoja kanijibu, "Hiyo si ya ng'ombe?" Ndiyo nikaona nije huku.

Mimi si bingwa. Ni tabibu wa kawaida, ila nina elimu mbili za viungo vya ndani, na ya kwanza niliipata kabla sijaota ndevu. Baba alikuwa na kijiwe cha supu ya mbuzi ng'ambo ya barabara kutoka machinjioni. Nikiwa darasa la sita nilikuwa nammaliza mbuzi mzima peke yangu: maini huku, bandama huku, utumbo kwenye karai, nyongo naiondoa kwa adabu zote, maana ikipasukia nyama hasara ni ya baba na kofi ni langu. Kwa hiyo nilipoingia chuo cha utabibu nilijiona nimefika. Somo la viungo, kwangu? Nililichukulia kama likizo.

Mtihani wa kwanza nikaandika kwa kujiamini kwamba figo ya kulia iko juu kuliko ya kushoto. Mkasi mwekundu. Nikaenda kulalamika. Mwalimu akaniangalia, akauliza, "Hii umejifunza wapi, kwa mbuzi?" Darasa zima likacheka. Alisema utani, lakini ndiyo ilikuwa hivyo hivyo.

Mbuzi kweli figo yake ya kulia imesogea mbele, upande wa kichwa. Ya kushoto inaning'inia nyuma yake, kwa sababu lile tumbo kubwa la kuhifadhia majani limejaza ubavu wote wa kushoto na kuisukuma, wakati mwingine mpaka inavuka mstari wa katikati. Mwanadamu ni kinyume: upande wa kulia kuna ini, nalo ni zito, hivyo figo ya kulia ndiyo inayokaa chini kidogo.

Nilikuja kujifariji baadaye niliposoma kwamba sikuwa wa kwanza. Galen, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma karne ya 2, hakuwa na nafasi ya kupasua maiti za watu, akapasua nyani na nguruwe. Aliyoyaona humo akayaandika kama ya binadamu, ikiwemo hiyo ya figo ya kulia kuwa juu, na dunia ikamfuata kwa zaidi ya miaka 1,300. Vesalius aliyekuja kumsahihisha naye alianza kwa kuchora ini la mapande matano, mwaka 1538, kwa sababu Galen kasema. Ilipofika 1543, baada ya kupasua maiti za kutosha kwa mkono wake mwenyewe, akaacha. Ini la mtu halina mapande matano. Kwa hiyo mbuzi amewadanganya wakubwa kabla yangu.

Tuanze na ukuta wa kati, kwa sababu usipoujua huo kila kitu kitakaa pasipo pake. Unaitwa kiwambo. Machinjioni ni ile nyama nyembamba kama ngozi ya ngoma inayotenganisha kifua na tumbo. Watu wengi wanadhani ukuta huu umelala sawasawa kwenye mwisho wa mbavu. Hapana. Umebinuka kwenda juu kama kuba la msikiti, na ukitoa pumzi yote kilele chake kinafika karibu usawa wa chuchu. Maana yake ini, bandama na sehemu kubwa ya mfuko wa chakula vimejificha ndani ya mbavu, juu ya pale unapodhani tumbo linaanzia. Ndiyo maana mtu akichomwa kisu kwenye mbavu za chini, sisi hatuulizi "kifua au tumbo?" Tunahofia vyote viwili, maana kisu kimoja kinaweza kupita pafu, kiwambo na ini kwa mkupuo.

Juu ya kuba ni mapafu na moyo. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, kwa sababu la kushoto limemwachia moyo nafasi. Na njia ya hewa ya kulia ni pana na imenyooka zaidi kuliko ya kushoto, hivyo mtoto akipaliwa na karanga ikapitiliza, mara nyingi utaikuta kulia.

Leo naishia hapa, nina zamu ya usiku. Tumbo nitalileta kesho. Ulizeni.

#2 Chuma Chakavu

Nimeweka kigoda mstari wa mbele. Swali moja kabla hujaondoka mkuu: moyo uko kushoto au katikati? Maana mchumba wangu akiapa anashika kushoto kabisa karibu na kwapa. Nataka kujua kama anaapia moyo au anaapia ubavu.

#3 Bucha Kona

Mimi miaka 15 nakata nyama. Maini nauza, figo nauza, moyo nauza, bandama nawapa wenye mbwa. Ila hiyo kongosho mnayoitaja kila mkizungumzia sukari sijawahi kuiona hata siku moja. Mteja akiniambia nikatie kongosho, namkatia nini?

#4 Mtoto wa Machinjio

Nimetoka zamu, macho mekundu, nijibu mawili haya kwanza.

Chuma Chakavu, moyo uko katikati ya kifua, nyuma ya mfupa wa kidari, ila umeegemea: theluthi mbili yake iko kushoto ya mstari wa katikati. Ncha yake ndiyo inayogonga chini kidogo ya chuchu ya kushoto, kwenye nafasi ya tano kati ya mbavu. Ukubwa wake ni kama ngumi yako. Ukipiga mara 70 kwa dakika, kwa siku unapita mapigo 100,000. Mchumba wako anaapia pafu.

Bucha Kona, kongosho umeiona mara elfu, ila unaitupa pamoja na mafuta. Itafute karibu na pale utumbo mwembamba unapoanzia, utakuta kitu laini, chembechembe, rangi ya waridi iliyopauka. Kwa mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 15, imelala kwa upana nyuma ya mfuko wa chakula: kichwa kimekumbatiwa na kona ya kwanza ya utumbo, mkia unaigusa bandama. Imejificha huko nyuma, ndiyo maana hata madaktari walichelewa kuijua.

Kazi zake ni mbili. Inamwaga maji ya kusaga chakula kwenye utumbo, na inatia homoni kwenye damu. Hii ya pili ndiyo iliyosumbua vichwa. Mwaka 1869 kijana Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi Berlin, aliona kwa hadubini visiwa vidogo vidogo vya chembe ndani ya kongosho. Akaviandika, lakini hakujua vinafanya nini. Miaka 20 baadaye, 1889, Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho, mbwa akaanza kukojoa ovyo, na mkojo ukakutwa na sukari. Ikachukua mpaka 1921 kule Toronto, Banting na Best walipoipata dawa yenyewe, insulini, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kuchomwa. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari cha kukosa insulini alikuwa anasubiri kufa tu.

#5 Mswahili wa Kale

Ndugu yangu umetupa raha, lakini nawe hayo "mapafu" umeyataja mara ngapi! Huku kwetu mwambao mabibi zetu walisema yavuyavu, na ukiligusa lile la mbuzi utajua kwa nini: jepesi, limejaa povu la hewa. Figo nayo ilikuwa na majina mengine, buki na nso. Bandama ni wengu. Vijana wa siku hizi ukiwaambia "wengu" wanadhani unataja kijiji.

Jambo la pili. Umemtaja Galen na Vesalius ukawaruka watu wa katikati. Galen alisema damu inapenya ukuta wa ndani wa moyo kutoka kulia kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana. Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, aliandika mwaka 1242 kwamba ukuta ule hauna kitundu: damu inatoka kulia, inakwenda mapafuni, inakutana na hewa, ndipo inarudi kushoto. William Harvey, yule tabibu wa Kiingereza, na mzunguko wake mzima wa damu ni 1628. Na ule mswada wa Ibn al-Nafis ulilala maktabani mpaka 1924, tabibu wa Kimisri alipoukuta Berlin.

#6 Mtoto wa Machinjio

Sheikh, nakupa mkono. Nilimruka kwa haraka zangu tu. Na yavuyavu nalichukua, nitalitumia kesho kwa wazee wangu.

#7 Nipo Muscat

Wadau, mimi nipo Oman mwaka wa nane. Mwanzoni nilisaidia kuchinja ngamia shambani, nikatafuta nyongo ili niitoe kama tunavyofanya nyumbani. Naitafuta, naitafuta, wenyeji wananiangalia. Mzee mmoja akasema, "Unatafuta nini wewe? Huyu hana." Nilidhani ananitania. Mtoto wa Machinjio, thibitisha.

#8 Mtoto wa Machinjio

Mzee alikuambia kweli. Ngamia hana mfuko wa nyongo. Farasi hana, punda hana, hata panya hana. Nyongo yenyewe wanayo, ini linaitengeneza kama kawaida, ila haina ghala, inachuruzika moja kwa moja kwenye utumbo. Sisi na mbuzi tumepewa ghala. Sasa twende tumboni, na ini ndiyo mlango.

Kwanza tusafishe neno. "Tumbo" kwetu ni nyumba nzima na ni chumba kimoja ndani yake. Mtu akisema tumbo linauma anaweza kuwa na shida ya figo, kizazi, ini, au maharage ya jana. Kwa hiyo humu nikisema mfuko wa chakula namaanisha kile chumba.

Piga msalaba juu ya kitovu chako, upate pembe nne.

Kulia juu ni ini. Ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote vya ndani, kama kilo moja na nusu kwa mtu mzima, na limejaza kuba lote la kulia mpaka linavuka kidogo kushoto. Damu yote inayotoka kwenye utumbo haikimbilii moyoni, inapitishwa kwanza kwenye ini, kama kontena linaloshuka bandarini lazima lipite forodhani. Sukari iliyozidi inawekwa akiba, sumu inavunjwa, pombe inashughulikiwa, na humo humo zinatengenezwa protini za kugandisha damu. Ndiyo maana mwenye ini lililochoka anatoka damu fizi na hajui kwa nini. Nyama yenyewe ya ini haisikii maumivu, kinachouma ni ngozi yake ya nje ikivutwa na uvimbe. Kwa hiyo linaweza kuharibika kimya kimya miaka mingi. Chini yake ndipo umening'inia mfuko wa nyongo, unabeba kama mililita 30 mpaka 50, na unajikamua ukila chipsi zako. "Nyongo mkalia ini" waliosema hawakubahatisha, kweli imelikalia, ila kwa chini.

Kushoto juu ni mfuko wa chakula, na nyuma yake ubavuni kabisa, chini ya ubavu wa 9 hadi wa 11, ni bandama. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hiki ndicho kiungo kinachodharauliwa huku kwetu na ndicho kinachotuhusu sana. Bandama ya mtu mzima ni kama gramu 150 na kwa kawaida huipapasi, imefichwa na mbavu. Ni chekeche: chembe nyekundu ya damu inaishi kama siku 120, ikizeeka bandama inaing'oa. Sasa malaria inaishi ndani ya hizo chembe. Mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara, bandama yake inafanya kazi kupita kiasi, inavimba na kutoka nje ya mbavu, na haishuki wima kama watu wanavyodhani, inakwenda mshazari kuelekea kitovuni na kinena cha kulia. Ndiyo maana zamani wapimaji wa malaria walikuwa wanakwenda shuleni, wanawalaza watoto mstari, wanapapasa ubavu wa kushoto na kuhesabu bandama. Walijua ukali wa malaria wa kijiji kizima kwa vidole tu. Kanda ya Ziwa Victoria kuna mkono mwingine: kichocho cha tumbo, kinachoziba mishipa ya ini mpaka damu inarudi nyuma na bandama inavimba. Kichocho cha Unguja, Pemba na pwani ni ndugu yake mwingine, hicho kinapenda kibofu, dalili yake ni mkojo wa damu.

Bandama iliyovimba ni dhaifu. Ngumi moja ya utani ubavuni inaweza kuipasua. Watoto wenu wakipigana, ogopeni hiyo kuliko pua.

Kulia chini ni mwanzo wa utumbo mpana na kidole tumbo. Kushoto chini ni kona ya mwisho ya utumbo mpana kabla ya njia ya haja kubwa. Kona hiyo kwa watu wa Afrika Mashariki inajulikana kwa kujipinda yenyewe kama mpira wa kumwagilia bustani. Katikati umejazana utumbo mwembamba, mita kama sita ukiupima kwenye maiti, na kazi ya kunyonya chakula ni yake, wala si ya mfuko wa chakula.

Figo sasa. Haziko kiunoni! Zipandishe. Ziko nyuma kabisa, zimeegemea ukuta wa mgongo, nusu yake ya juu imefunikwa na mbavu mbili za mwisho. Umebeba zege siku nzima na mgongo unauma juu ya makalio, hiyo ni misuli, acha kununua dawa za kusafisha figo. Figo zote mbili kwa siku zinachuja kama lita 180, halafu karibu zote zinarudishwa, unakojoa lita moja na nusu hivi. Pia zinaupa uboho amri ya kutengeneza damu, na zinapanga presha. Mgonjwa wa figo anayepauka hajakosa mchicha tu, amekosa ile amri.

Na hili watu hawaliamini. Mtu akipandikizwa figo, ile mpya haiwekwi mahali pa zile za zamani. Inawekwa mbele, chini, karibu na kinena, maana hapo mishipa mikubwa ya damu na kibofu viko jirani. Zile mbovu kwa kawaida zinaachwa. Muhimbili walianza upandikizaji mwaka 2017, kwa hiyo huenda umepanda daladala na mtu mwenye figo tatu.

#9 Mama Pacha

Hii ya mfuko wa nyongo imeniliza. Miaka miwili nilitibiwa vidonda vya tumbo kwenye hospitali moja, sitaitaja. Kila nikila ugali na nyama ya mafuta, usiku maumivu yanakuja chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka kwenye bega la kulia. Nikiwaambia kuhusu bega wananiandikia dawa ya kuchua! Nilikuja kupigwa ultrasaundi kwingine, mawe saba kwenye mfuko wa nyongo. Sasa niambie kaka yangu, nyongo na bega vinajuana wapi?

#10 Mtoto wa Machinjio

Pole sana dada. Na swali lako ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Kiwambo kilizaliwa shingoni. Simaanishi mfano, ni hivyo hasa. Mtoto akiwa bado kijusi tumboni, kiwambo kinaanza karibu na shingo, kinapata waya zake za fahamu kutoka kwenye uti wa shingo, halafu kinashuka mpaka chini ya mapafu huku kinaburura zile waya. Kwa hiyo mfuko wa nyongo ukivimba ukakichokoza kiwambo kutoka chini, taarifa inapanda shingoni, na ubongo unasoma "bega", maana ngozi ya bega inatumia waya za mtaa huo huo. Bandama ikipasuka, damu inachokoza kiwambo upande wa pili, mgonjwa analalamikia bega la kushoto. Mwanamke mwenye mimba nje ya kizazi iliyopasuka naye anaweza kukuambia bega. Kwikwi nayo ni hicho hicho kiwambo kikishtuka.

Moyo nao ni msafiri: unauma kwenye mkono wa kushoto, kwenye taya, na wakati mwingine pale pale kwenye chembe ya moyo. Hapo wazee walikuwa na hoja yao. Mtu wa miaka hamsini mwenye presha au sukari, anatoka jasho jembamba na anasema "kiungulia", msimpe maziwa, mpelekeni hospitali.

Jiwe likishuka kutoka kwenye figo linaanzia ubavuni linateremka kinenani, mwanaume mzima anagaagaa chini. Kidole tumbo kinaanzia kitovuni, baada ya saa kadhaa kinahamia kulia chini.

#11 Chuma Chakavu

Na chango? Bibi yangu kila ugonjwa wa mwanamke ni chango.

#12 Mswahili wa Kale

Chango kwa maana yake ya zamani ni utumbo mwembamba wenyewe, tena na minyoo yake. Baadaye kila kinachosokota chini ya kitovu kikavishwa jina hilo.

#13 Mzee wa Kijiwe

Mimi niulize la kwetu sisi wenye madeni. Mwenye nyumba akipiga simu tu, tumbo linawaka moto. Je, mfuko wa chakula unajua kodi?

#14 Mtoto wa Machinjio

Unajua, na kuna aliyeuona kwa macho.

Juni 1822, kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja wa biashara ya ngozi, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya kutoka karibu sana, ikamtoboa ubavu wa kushoto. Daktari wa jeshi William Beaumont alimtibu akijua hatapona. Akapona, ila tundu halikuziba: mfuko wa chakula uliota ukashikana na ngozi, ikabaki dirisha. Beaumont akaligeuza maabara. Anafunga kipande cha nyama kwenye uzi wa hariri, anakiingiza, anasubiri, anavuta, anaangalia kimeyeyuka kiasi gani. Kwa miaka! Mwaka 1833 akachapisha majaribio zaidi ya 200. Ndiyo ikajulikana wazi kwamba mfuko wa chakula haupondi tu, unatoa tindikali inayoyeyusha hata nje ya mwili kwenye chupa. Na alipomkuta St. Martin amekasirika, usagaji ulikwenda tofauti. Nadhani alikuwa na kila sababu ya kukasirika, maana alikuwa mtu wa hali ya chini aliyegeuzwa chungu cha kupikia. Daktari wake alitangulia kufa, mwenyewe akaishi mpaka 1880.

Ila deni halitoboi vidonda peke yake. Vingi vinatokana na bakteria, au dawa za maumivu tunazomeza kama karanga. Barry Marshall wa Australia alipoona hawamwamini, mwaka 1984 alikunywa hao bakteria, akaugua, akajipima. Yeye na Robin Warren walipewa Nobeli 2005.

#15 Mdau wa Usiku

Samahani kuingilia. Ni msichana wa miaka 24. Tangu jana jioni tumbo liliniuma kuzunguka kitovu, sasa limehamia kulia chini, nimetapika mara mbili. Nikitembea linauma zaidi. Nimesoma uzi huu nimeogopa.

#16 Mtoto wa Machinjio

Dada, funga simu, nenda hospitali sasa hivi, yenye uwezo wa kupasua. Usile wala usinywe kitu mpaka uonwe. Usijikande na maji ya moto. Nahisi kidole tumbo. Na waambie tarehe ya hedhi yako ya mwisho hata wasipouliza, maana ovari na mrija wa uzazi wa kulia vinakaa nyumba ya pili. Ukipata nafasi turudishie habari.

#17 Bucha Kona

Wakati tunasubiri: leo nimeitafuta kongosho kwenye mbuzi wa asubuhi. Nimeipata! Ilikuwa imejibanza palepale uliposema. Nimewaonyesha vijana wangu wote watatu, mmoja kasema tulikuwa tunaiita "mafuta mabaya".

#18 Mama Pacha

Mdau wa Usiku, uko salama? Siku ya tatu leo.

#19 Mdau wa Usiku

Nipo wapendwa. Nimeruhusiwa leo asubuhi. Haikuwa kidole tumbo. Ultrasaundi ilionyesha uvimbe wa maji kwenye ovari ya kulia, na ovari yote ilikuwa imejinyonga kwenye shina lake. Waliniingiza chumba cha upasuaji usiku ule ule, wakaufungua ule msokoto, wakatoa uvimbe, ovari imebaki. Daktari alisema ningesubiri mpaka asubuhi wangeitoa. Kidole tumbo changu wamekiona, kizima, wamekiacha.

#20 Mtoto wa Machinjio

Alhamdulillahi. Nimekosea kwa sentimita chache.

#21 Chuma Chakavu

Umejifunza wapi, kwa mbuzi?

#22 Mtoto wa Machinjio

Mbuzi niliokuwa nawamaliza karibu wote walikuwa beberu, mkuu.